Mtungi Kando ya Makaa

Mpaka leo nikiikumbuka Jumamosi ile, damu inanichemka. Ilikuwa Julai, na Gatitu yetu ya mlimani mwezi wa Julai tunaijua: ukungu haupandi, nguo hazikauki. Mwanangu wa kwanza hakuwa ametimiza mwezi. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kumwona, wamebeba unga na ndizi, wanaimba sebuleni na mke wangu. Kwetu, aliyekuja kuona mtoto haondoki bila chai.

Nikaenda jikoni kuuliza chai imefika wapi. Mama yangu alikuwa ameinama, mtoto amemfunga mgongoni, anausogeza kwa tambara, karibu zaidi, mtungi wa gesi uliokuwa kando ya jiko lililojaa makaa mekundu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Ati nini? Gas imelala juu ya hii baridi, moto hautoki. Naiamsha tu. Kila mtu hufanya hivyo."

Kila mtu! Hilo ndilo linaloniudhi. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba joto la gesi ni mwendo wa chembe zake. Kwenye baridi zinajikokota. Ukizipasha zinakimbia na kugonga chuma kwa nguvu zaidi. Na ile gesi iliyo majimaji chini ya mtungi nayo inageuka mvuke, inaongeza chembe nyingine za kugonga. Chuma kina kikomo. Mwanangu alikuwa hatua moja kutoka kwa chuma hicho.

Niliunyakua, ukaniunguza viganja, nikautua nje kwenye nyasi zenye umande. Kisha nikarudi nikafoka mpaka wimbo wa sebuleni ukakatika.

"Umeniaibisha mbele ya wageni," Mama akasema. "Juu ya mtungi!"

"Na huyo aliye mgongoni?"

Alifungua leso akanipa mtoto bila kunitazama, akaenda kuwasha kuni.

Chai ilichelewa, lakini ilikuja. Kila mtu alimiminiwa kikombe isipokuwa mimi. Mama alipopita na birika tupu alisimama kidogo.

"Hata wewe nilikulea jikoni hii, nikiamsha gas hivyo hivyo," akasema. "Na si uko hapa?"

Niliwaza zile Julai zote nilizolala mgongoni mwake, na hasira ikanipanda upya. Mtoto alikuwa bado amelala. Nilimshika kwa viganja vilivyoungua, wala sikukubali mtu mwingine ambebe siku hiyo.