Rambo Mpakani
Juzi nilimsindikiza hadi mpakani binti anayetafiti sera za taka za plastiki na haki ya makabila madogo kujiamulia mambo yao. Tukiwa pale, bibi mmoja Mkisi, wa kabila dogo la ziwani, aliingia kutoka Malawi na nguo za mjukuu mchanga ndani ya rambo, mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, bibi. Rambo zimekatazwa," alisema askari wa kike.

"Marahaba. Sisi watu wa ziwani mlituuliza lini?"

Askari alitoa kitenge chake mkobani, akazipanga nguo humo taratibu, akafunga fundo.

"Hatukuwauliza, bibi. Utusamehe."

"Ndaga, mwanangu," bibi alimshukuru, akimpapasa shavu.

Binti alisahau kuandika. Mimi nimehudhuria mikutano mingi, lakini sijawahi kuisikia serikali ikiomba radhi kwa upole namna ile.