Nimetafsiri mashtaka yangu mwenyewe

Jamani, leo nilitamani ardhi ya Likasi inimeze.

Mama mwenye nyumba alipandisha kodi ghafla, bila kunipa muda unaotakiwa na sheria. Nikaenda kumshitaki komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kimyakimya.

Asubuhi akabisha mlangoni kwangu, amevaa kitenge chake cha misa.

"Mwanangu, komini inaniita. Sijui nani amenishitaki. Weye unajua Kifaransa, unisindikize."

Ningekataaje? Niambieni!

Kufika komini, afisa ni mpya, ametoka Kinshasa, Kiswahili hajui. Akauliza mlalamikaji ni nani.

"Anasema nini?" mama akaniuliza.

Nikamgeukia.

"Anauliza nani amekushitaki. Ni miye, mama."

Akanishika mkono, akacheka.

"Hapana, mwanangu. Umesikia mubaya. Umuulize tena."