Mfupa Ulioota Gotini

Nilipokuwa mtoto, goti langu la kulia liliota mfupa ubavuni, mfupa ambao sikuzaliwa nao. Bisha. Wenye elimu kunizidi, na hao ni wengi maana shule niliiacha darasa la tano, walibisha, nikawapandishia suruali wakapapasa wenyewe.

Niliumia nikicheza mpira, kwetu Mpapura. Goti lilijipinda, likavimba. Bibi aliyenilea wala hakuuliza habari za mpira.

"Mume wangu, ulipita kwa Mzee Likwata?"

"Sikupita, bibi."

Mzee Likwata, jirani yetu, alitundika gamba la konokono na kitambaa chekundu kwenye mkorosho wake. Bibi alinionya tangu zamani: pale pana kago, anayeiba mabibo yake mguu humgeuka mti.

Basi nikaletewa fundi, mzee mwenye kucha ndefu kuliko akili. Kila asubuhi wajomba wawili walinishika, yeye akanisugua kwa majivu ya moto na kulikunja goti kwa nguvu. Nikilia, husema, "Kago hilo linalia." Siku ya saba akaniumika kwa pembe, akafyonza, akatema kijiwe. Kijiwe kikavu, na mimi navuja damu. Watu wazima wanane walikuwapo, wakashusha pumzi, wakamchinjia jogoo.

Mwezi ukapita, mguu umenyooka kama mchi. Na kiangazi kilichofuata ilikuwa zamu yetu ya jando. Ukiikosa, unangoja miaka, kisha unaingia na watoto wanaokuita kaka. Wenzangu walishaanza: "Jandoni wewe utachuchumaa au tukuegemeze ukutani?"

Shangazi wa Magomeni ndiye aliyenichukua, akanipeleka hospitali mjini. Huko nilimkuta Dada Eliza, mtu wa bara, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Aliinua picha ya goti dirishani. Pembeni palikuwa na kitu cheupe, chembamba kama mwiba wa samaki.

"Nani alilikanda hili?"

"Fundi, dada."

"Mpe pongezi. Ukano ulichanika, ungepumzishwa ungepona. Yeye kausugua mpaka umejaa chokaa, sasa unageuka mfupa."

Tiba yenyewe ilikuwa dharau tupu. Taulo la maji moto, kisha nilale kifudifudi nivute kisigino kuelekea makalio, taratibu, maumivu yakizidi niache. Nikamwambia nimekuja kutibiwa, sikuja kulala.

"Anayelikunja ni wewe, bwana mkubwa. Ukitaka wa kukukunja, rudi kwa fundi wako."

Miezi minne. Nilipima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya kisigino na makalio: kumi, saba, vinne. Kwenye vinne likagoma. Akanirudisha nyumbani nikaendelee mwenyewe, na jando limebaki wiki tatu.

Jando niliingia, nikachuchumaa kama wenzangu. Bibi alikufa akimsifu fundi. Wale wanane mpaka leo wanasimulia kijiwe, na mimi nawacheka machoni pao.

Ila kuna kipande nimekiruka. Mpira haukuwapo. Nilikuwa juu ya mkorosho wa Mzee Likwata, mdomo umejaa mabibo, upepo ukatikisa kile kitambaa, nikaruka. Hakuna aliyenifukuza. Nilikikimbia kitambaa.

Na goti lilipogoma kwenye vidole vinne, mimi huyu mcheka wajinga nilimwendea Mzee Likwata mchana, Bibi akiwa kisimani, nikamwomba ategue kago.

"Sina kago, mjukuu wangu. Hicho ni kipande cha kanga ya marehemu mke wangu. Ningekuwa nalo, ungeiba mwaka juzi ukarudi na mwaka jana?"

Kumbe alikuwa akiniona siku zote.

"Tegua tu, babu."

Akanitazama, akakifungua, akanitia mkononi. Wiki zile nilivuta kisigino asubuhi na jioni kama mwendawazimu, vidole vinne vikaisha. Kazi ni ya Dada Eliza, hilo nitakuapia.

Lakini kitambaa sijakitupa.