Mstari Uliobaki Wazi Kwenye Ukurasa wa Marehemu

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwamkia Bi. Somoe shikamoo, asiitikie. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameuma kifuniko cha chupa ya wino wa kurekebishia makosa, na mtu hawezi kusema marahaba akiwa na kifuniko kinywani. Lakini sikujua wakati ule, na kwa siku mbili nzima nilijiuliza nimemkosea nini: sauti ilikuwa ndogo, nilisimama karibu mno na meza yake, au ni ile suruali ya mitumba niliyoinunua Dar nikidhani inanifanya nionekane afisa. Siku ya tatu alinitazama akasema, "Marahaba, mwanangu. Ile ya juzi." Ndivyo nilivyoanza kazi Kilwa Masoko, wiki tatu tu baada ya kuvua joho la chuo kikuu.

Ofisi yetu ya habari ilikuwa na vyumba viwili, pikipiki moja na mashine ya kudurufu iliyovuja wino. Mkuu wetu alikuwa Afisa Habari wa Wilaya, ila hakuna aliyemwita hivyo. Wote walisema Bwana Habari. Tulitoa jarida la kurasa nane kila mwezi. Kurasa saba zilikuwa za hotuba, mbegu, chanjo na ziara za viongozi.

"Kijana," Bwana Habari aliniambia, "soko huria limefika. Korosho inanunuliwa na wafanyabiashara, redio zimekuwa nyingi, na magazeti ya watu binafsi yanashuka na basi la Dar hata kama basi lenyewe limelala njiani. Nani atasoma hotuba zetu?"

"Sijui, mzee."

"Hakuna. Lakini gazeti la Dar haliandiki msiba wa Mitole. Sisi tutauandika. Ukurasa wa nane ni wako. Utaandika marehemu."

Nyinyi mnaoanza kazi leo, acha niwaeleze ilivyokuwa. Tanzia ni taarifa tu: fulani amefariki, mazishi mahali fulani. Wasifu ni maisha yenyewe, alizaliwa wapi, alifanya nini, aliwaacha akina nani. Mimi niliajiriwa kuandika wasifu. Ulipofika msiba wa kijijini nilipanda pikipiki na karatasi yangu ya maswali kumi na mawili, niliyoiandaa kwa utaratibu wa chuoni, nikaketi na wafiwa, nikauliza, nikaandika kwa mkono. Kisha nilimkabidhi Bi. Somoe, mpiga chapa wetu, mwanamke wa makamo aliyesoma mpaka darasa la saba. Yeye alichapa kwenye stensili, karatasi yenye nta ambayo herufi za mashine huitoboa ili wino upite. Stensili ilikuwa haina huruma. Ukishaichapa, kilichotobolewa kimetobolewa, na ile chupa ya wino wa kurekebishia iliziba tundu moja au mawili tu.

Marehemu wangu watatu wa kwanza walipotoka, Bwana Habari aliniita.

"Huyu wa kwanza alikuwa mpole, mkarimu na mcha Mungu."

"Ndiyo, mzee. Familia ilisema."

"Wa pili alikuwa mkarimu, mcha Mungu na mpole. Wa tatu mcha Mungu, mpole na mkarimu." Aliweka jarida mezani. "Wilaya nzima hii, kijana, hajawahi kufa mkali hata mmoja?"

Sikulala vizuri wiki ile. Nilipanga upya maswali yangu, nikayafanya kumi na manane.

Marehemu wa nne alikuwa mama mmoja wa Somanga aliyeuza ugali na samaki kando ya barabara kuu. Nilimwandika kwa uangalifu: kuzaliwa, ndoa, watoto, upole. Jarida lilipotoka nililisoma nikiwa nimesimama, na mwisho kabisa wa wasifu wangu nikakuta maneno ambayo sikuyaandika mimi: *Hakuna dereva aliyekula kwake asiambiwe kwamba mkewe hajui kupika.*

Masikio yaliniwaka moto. Nilidhani nitafukuzwa kazi. Badala yake, baada ya siku chache binti wa marehemu alikuja kutoka Somanga, amebeba kikapu cha mihogo. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Huyo ndiye mama," alisema. "Huyo ndiye yeye hasa. Madereva wamelibandika ukutani." Bwana Habari alinipiga bega. "Sasa umeanza kuwa mwandishi."

Nilikwenda kwenye meza ya mpiga chapa.

"Bi. Somoe, ule mstari wa mwisho…"

"Upi?"

"Wa madereva."

"Aa." Hakuacha kuchapa. "Palibaki nafasi ya mstari mmoja. Karatasi ya serikali haiachwi wazi, mwanangu."

Nilitakiwa kushukuru. Nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini nilichohisi ni wivu, tena wivu mbaya, wa mtu mwenye shahada kumwonea mtu asiyekuwa na hata cheti cha kidato cha pili. Maneno yangu yalikuwa mia tatu, yake tisa, na watu walikuwa wamebandika ukutani yale tisa. Mwezi uliofuata nilihesabu mistari ya ukurasa kwa rula, nikaandika mpaka ukingoni ili pasibaki upenyo. Jarida likatoka. Sentensi yangu ya "atakumbukwa daima" ilikuwa haipo, na mahali pake palikuwa na habari ya mzee wa Mitole ambaye *aliazima jembe la jirani mwaka wa kwanza wa ndoa yake na alikufa akilalamika kuwa limeanza kuchakaa.* Watu walikata kile kipande na kukihifadhi ndani ya misahafu yao. Mayai yaliletwa ofisini. Jina chini ya ukurasa lilikuwa langu, ila waleta mayai walikuwa wakiuliza, "Bi. Somoe yupo?"

Nilitaka kujua anayapata wapi. Nilishawaza mengi: labda ana daftari la siri, labda ana ndugu kila kijiji. Basi alipoomba ruhusa ya kwenda kwenye msiba mwingine Mitole, nami nikachukua pikipiki, nikamfuata.

Ilikuwa saa nne asubuhi, uani kumejaa watu. Nilimkuta mfiwa mkubwa, nikafungua karatasi yangu, naye akaanza: alikuwa mpole… Mara nikasikia kicheko. Katikati ya ua alikuwa Bi. Somoe, amevaa kofia na koti la marehemu, ameshika bakora yake, anatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto. Vijana wadogo hamtaelewa, kwa hiyo nieleze: ukoo wake na ukoo wa marehemu walikuwa watani. Mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukutania bila wewe kukasirika, na msibani ruhusa hiyo hugeuka kuwa kazi. Lazima amwigize marehemu, awachokoze wafiwa, awatoe kwenye kilio.

"Nani amekalia kiti changu?" alinguruma kwa sauti ya kizee. "Nimekufa jana tu! Na wewe mke wangu, mbona ubwabwa wa leo una nazi? Miaka yote ulinipikia mkavu!"

Mjane, aliyekuwa amejiinamia tangu alfajiri, alifunika uso kwa kanga na mabega yakaanza kutikisika. "Mwongo wewe!" alisema. "Nazi ulizimaliza kwa kuzinywa madafu!"

Ua mzima ulicheka. Na mimi hapo hapo nikapata kila kitu ambacho maswali kumi na manane hayakuwahi kunipa: mguu, kiti, madafu, ndoa nzima. Nilitoa kalamu haraka. Bi. Somoe akaniona. Alikuja akiburuta mguu mpaka mbele yangu, akaninyooshea bakora.

"Na huyu wa karatasi ni nani? Amekuja kuwaandikia kwamba nilikuwa mpole?"

Sijawahi kuchekwa na watu wengi namna ile. Hata mfiwa niliyekuwa namhoji alicheka. Najua sasa kwamba hakuwa Bi. Somoe aliyesema, alikuwa marehemu, na kwamba kuchokozwa na mtani ni kukaribishwa. Kuna mzee aliniambia hivyo palepale. "Umeshakuwa wetu, bwana." Sikumsikiliza. Niliwasha pikipiki nikarudi Masoko, na njia nzima nilikuwa nikitunga majibu ambayo ningempa.

Miezi sita hivi baadaye ndipo ulipokuja ule waraka. Serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi. Lilikuwa neno la kila siku miaka ile, kupunguzwa. Ofisi yetu ilitakiwa ipunguze mmoja wa ngazi ya chini. Palikuwa na tarishi na palikuwa na mpiga chapa.

Bwana Habari alinifungia mlango. Alikuwa amekonda kwa mawazo. "Mimi sitaki kumwacha Bi. Somoe," alisema, "lakini juu wanataka sababu. Wanasema kompyuta zinakuja, mpiga chapa ni wa nini. Wewe ndiye unayefanya naye kazi kila siku. Hebu niambie, ana lolote analolifanya zaidi ya kupiga chapa? Lolote niandike."

Nimelirudia swali lile maisha yangu yote. Nimewahi kujiambia kwamba niliogopa kufukuzwa kwa kuweka jina langu kwenye maneno ya mwingine. Nimewahi kujiambia kwamba angekasirika nikisema. Lakini kwa kuwa naandika kwa ajili yenu, na sina mkuu wa kazi tena, niseme ilivyokuwa. Niliuona ule ua wa Mitole, ile bakora, vile vicheko. Niliyaona mayai.

"Anapiga chapa vizuri," nikasema.

Alingoja. Sikuongeza neno.

Siku yake ya mwisho Bi. Somoe alifuta mashine, akaifunika kitambaa chake, akanikabidhi ile chupa ya wino wa kurekebishia. "Utunze," alisema. "Wewe unakosea sana." Kisha akacheka, akaondoka kwenda kwao Mitole, kulima.

Nami nikapanda ngazi. Mkuu wa ofisi ya mkoa, Lindi, aliniita kwenye usaili, akiwa na nakala za ukurasa wa nane mezani. Alikuwa amepigia mistari kwa kalamu nyekundu. Alisoma kwa sauti sentensi ile ya madereva, ile ya jembe, na nyingine tano. Zote saba zilikuwa za Bi. Somoe.

"Unayapataje haya?"

"Kwa kuuliza, mzee."

Nikapewa cheo. Nilihamia Lindi, nikajenga Mitwero, nikaandika marehemu wa mkoa kwa miaka mingi, baadaye kwenye kompyuta, ambayo haina ukingo na haina nta na humruhusu mtu kukosea apendavyo. Mwaka wa kwanza tu yule mkuu aliniuliza, "Huku Lindi watu wanakufa vibaya, au mkono wako uliuacha Kilwa?" Kwa hiyo nilijifunza. Nilianza kuwatafuta watani kabla ya wafiwa. Nilijifunza kuuliza marehemu alikuwa akigombana na nani, kiti chake kilikuwa kipi, alikataa kula nini. Wasifu wangu ukawa mzuri. Watu walinisifu. Hata hivyo, kila nilipomaliza niliuangalia ule mstari wa mwisho na kujiuliza yeye angeweka nini, na kila mara nilijua chake kingekuwa bora, na kila mara niliona wivu. Nilistaafu nikiwa bado nao.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu binti yake alinipigia simu. Bi. Somoe amefariki. Je, ningewasomea wasifu siku ya kuanua matanga?

Niliuandika mara tisa. Nilikwenda Mitole na ukurasa mmoja mfukoni, umechapwa vizuri, na baada ya hitima na chakula niliitwa mbele. Kabla sijafungua kinywa, mwanamke kijana alijitokeza upande wa jikoni. Alikuwa mtani. Amevaa miwani ya Bi. Somoe, amepakata ungo, na vidole vyake vinachapa juu ya ungo ule: ta-ta-ta, ta-ta. Kifuniko cha chupa kilikuwa mdomoni. Nilimwamkia, sijui kwa nini, mtu mdogo kama yule. Shikamoo ilinitoka yenyewe. Hakuitikia, na watu wakaangua kicheko.

Alitoa kifuniko. "Lete nione, msomi." Aliuchukua ukurasa wangu, akaupitisha macho, akagonga kwa kidole chini kabisa. "Hapa pamebaki nafasi ya mstari mmoja. Karatasi ya serikali haiachwi wazi. Au nikujazie tena?"

Walicheka wote, wazee kwa watoto. Ndipo nilipofahamu kwamba walijua. Mitole nzima ilijua miaka yote ile. Kumbe siri niliyokuwa nimeitunza kama amana ilikuwa hadithi yao ya kuchekea jikoni. Lakini walijua ile ya mistari tu. Ile ya mlango uliofungwa hakuwa akiijua mtu, maana Bwana Habari alikwisha kufa, na yeye mwenyewe nilimwandikia wasifu.

Niliomba kalamu. Niliandika pale pale, juu ya ungo, kisha nikausoma ukurasa wote, na mwisho nikausoma ule mstari: *Alipotakiwa kupunguzwa, mtu aliyejua alichokuwa akikifanya Bi. Somoe aliulizwa, naye kwa wivu akajibu, anapiga chapa vizuri.*

Hakuna aliyecheka. Binti yake aliniangalia, kisha akainamisha uso. Yule mtani alivua miwani, akaikunja, akaishika kama mtu aliyesahau anamwigiza nani. Halafu akaivaa tena. Sauti ilipomtoka ilikuwa ile ile ya meza ya Masoko.

"Huo sasa," alisema, "ni wako."

Nami, Mungu anisamehe, pale katikati ya msiba wake, nilifurahi.