Karatasi ya Lie na Lay

Mimi ni mwalimu wa nasari hapa Kitengela, na mtu akiniuliza nani alimfundisha Nashon Kiingereza, nasema ni mimi na sioni haya. Nashon ni mume wangu. Aliachia shule Form Two, na kiwandani walimwambia wazi kwamba bila cheti cha Form Four atabaki kubeba magunia. Basi akajiandikisha kufanya mtihani kama mtu wa nje.

Miaka minne, kila asubuhi nilimtilia kikaratasi mfukoni mwa shati asome akienda kazini. Verb moja, siku moja. Iliyomsumbua kabisa ni lie. Kulala ni lie, ya jana inakuwa lay, halafu lain. Kuweka kitu chini nako ni lay, ya jana ni laid. Tena kuna lie ya kudanganya, ambayo jana yake ni lied. Nashon alikasirika, akauliza kama Wazungu walikosa kazi ya kufanya.

Novemba 2002, siku ya mtihani wa Kiingereza, nilimpigia shati pasi, akanywa chai, akaenda. Nilikuwa nasuuza vikombe ndipo nikakumbuka. Kwa mazoea tu, nilikuwa nimemtilia kile kikaratasi.

Yawa! Pale shule ya mtihani wanapekua watu mlangoni mpaka soksi, na ukipatikana na maandishi, matokeo yako yote yanafutwa. Nilikimbia na slipa, leso ikaanguka nikaiacha. Nikakuta geti imefungwa. Askari alikataa kufungua, akasema mtihani umeanza na kuna mwanaume ametolewa kwa laini ya kupekuliwa. Jina hakujua.

Nilisimama kwa hilo jua masaa mawili, najitukana kimoyomoyo. Miaka minne ya mtu, nimeiharibu mimi na huu mkono wangu.

Nashon alipotoka, nilimshika mfuko kabla hata ya salamu. Hakukuwa na kitu.

"Nimeila hiyo karatasi," akasema. "Niliigusa mfukoni kama nimebakisha mtu mmoja nifikie askari."

Nikamuuliza je, wangemwona akitafuna? Akasema wangemfukuza, basi. Nilianza kulia, nikimwomba msamaha juu ya cheti chake.

"Cheti ningerudia mwaka ujao, Mama Obonyo," akasema. "Lakini wangesoma hiyo karatasi, wangeuliza ni mwandiko wa nani. Na mwalimu ni wewe."

Masaa mawili pale getini, na kazi yangu sikuwa nimeifikiria hata mara moja.