Wake Wawili wa Dobi

Nitakayowasimulia hamtayaamini, nami siwalaumu. Hata mimi, mwenye akili za ziada, ilibidi niambiwe mara mbili.

Ni habari ya dada yangu mdogo, mfupi wa kimo, mkali wa sauti, aliyechakaza viatu miaka kumi na tisa kwa kazi moja. Mtu akishaonekana ana hatia, hakimu huwa bado hajaamua ampe nini: jela, faini, au kazi za kufagia huku akilala kwake. Basi humtuma dada akapige hodi kwa mtu huyo, aulize majirani, aandike ripoti. Hakimu anaisoma, anaamua. Ndivyo inavyosemwa.

Ofisini wako wawili. Mwenzake tumwite Bwana Kiti, maana hakiachi. Ripoti zake zinazaliwa hapohapo, huku akichokoa kucha kwa kona ya faili la watu. Anatoa ripoti ya zamani, anafuta jina, anaweka jipya, anaagiza chai. Ptuu!

Juma lile dada aliumwa siku tatu. Aliporudi asubuhi akakuta nakala ya ripoti ya Bwana Kiti mezani: dobi wa hospitali, mwanamke, ameiba mashuka manne, amekiri, kosa la kwanza. Akasoma: "Mshtakiwa ni mlevi, ana wake wawili, na huwapiga wote. Majirani wanaomba asirudi."

"Bwana wee, huyu mama ana wake wawili?"

Bwana Kiti akachungulia, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Aa, hiyo ya yule fundi matairi wa mwaka juzi. Usijali, dada, mzee husoma mstari wa mwisho tu."

"Na mstari wa mwisho unasemaje?"

"Jela."

"Kwake ulikwenda?"

"Kuna tope kule."

Hukumu ilikuwa saa nane mchana. Dada akalivuka hilo tope. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na juu yake mama mzazi wa dobi, amepooza mwaka wa sita, kalazwa juu ya nailoni kwa sababu mashuka yamechukuliwa kuwa ushahidi. Mgongoni hana kidonda hata kimoja.

"Binti ndiye anayemgeuza, usiku na mchana," jirani akasema. "Leo kaenda mahakamani, nimemshikia mimi. Wakimfunga, bibi huyu hamalizi mwezi."

Dada akaandika kwa mkono kurasa mbili, akaingia kwa hakimu akihema. Hukumu ilishachapwa: miaka miwili. Na juu yake maneno haya: "Nimesoma ripoti kwa makini, na nimeusikiliza utetezi wa mshtakiwa." Utetezi! Mtoto wa watu yuko benchi la nje, hata mdomo hajafungua!

"Mheshimiwa, ripoti sahihi hii hapa."

"Ripoti ninayo, mama. Umechelewa."

Kesi ikaitwa. Hakimu akauliza kama dobi ana la kusema, macho yake yako kwenye saa. "Mama yangu hawezi kujigeuza," dobi akasema. Hakimu akavuta karatasi yake aisome.

Dada akasimama. "Mheshimiwa, aya ya pili ya ripoti isomwe kwa sauti, mshtakiwa aijibu. Ni haki yake."

Hakimu akasoma kwa kujiamini: mlevi, ana wake wawili... Akamtazama dobi.

"Mmoja atugawie!" sauti ikatoka nyuma. Mahakama nzima ikaangua kicheko, karani akajificha nyuma ya faili.

Mheshimiwa jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Akazipokea zile kurasa mbili, na dada anaapa ndiyo mara ya kwanza kumwona akigeuza ukurasa. Miezi sita ya kufagia uwanja wa hospitali, dobi alale kwa mama yake.

Msimsifu. Haikuwa huruma wala sheria, ni kuogopa kuchekwa. Wangapi wamekula miaka ya fundi matairi kimya kimya, wanaume ambao wake wawili hawakumchekesha mtu? Kichefuchefu kitupu. Na Bwana Kiti bado yupo. Juzi kaongezewa mto.

Lakini hakimu hakulainika hivihivi. Mimi nilikuwa benchi la mbele, nikasimama na suti yangu, nikamnyooshea kidole, nikamwambia, "Mzee, mbele yangu mimi huwezi ku—"

"Kaka, futa hapo! Siku hiyo ulikuwa kwangu, miguu juu ya kochi, na suti huna."