Mume wa Nyanya

Nimerudi kijijini kwetu Ronge, rafiki yangu, na sikurudi mikono mitupu. Nyumba ya mawe inayoonekana kutoka barabarani ni yangu, na diploma yangu ya uuguzi imetundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa. Wanaume tuliosomea kazi hiyo wakati ule tulikuwa wachache. Lakini jana mtu alichemsha majani ya mpera, harufu ikavuka ua, nami nikajiona niko darasa la sita, nimepiga magoti kando ya kitanda cha nyanya.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nyanya, mama yake baba, aliteleza akichota maji, akavunjika nyonga. Mama alikuwa hospitali Voi na mtoto mchanga. Shangazi alikuwa ameolewa Kishushe, ambako gari lilipita kwa bahati. Nyanya alilala chali hadi mgongo ukaanza kuchubuka. Dresa wa zahanati akaonya kwamba asipogeuzwa na kuoshwa, kidonda kitafika mfupani. Baba alibaki nje akikohoa, kwani mwana haoni uchi wa mamake. Jirani akajitolea, nyanya akakataa.

"Huyo mdomo wake utanianika sokoni. Niitieni mume wangu."

Mume wake nilikuwa mimi. Kwetu nyanya na mjukuu wa kiume walitaniana hivyo, mke na mume wa maneno tu, na utani ule ulinipa ruhusa ambayo baba hakuwa nayo.

Basi kila asubuhi nilichemsha majani ya mpera, nikaacha maji yapoe hadi kiwiko kivumilie, nikamgeuza polepole, nikamkanda, kisha nikamlisha kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe. Siku moja jirani yule akapita na kikapu kichwani.

"Wee kijana! Wenzako wako na ng'ombe, wewe unaosha wanawake?"

"Mwache mume wangu!" nyanya akajibu kutoka ndani. "Wako alikuosha lini?"

Jirani alicheka hadi akatua kikapu.

Shangazi alipofika, aliinua shuka, akanusa, akaupapasa mgongo. Ngozi ilikuwa imefunga.

"Nani amefanya hii kazi?"

Nyanya akanielekezea kidevu, kwa madaha ya bibi harusi.

Miaka baadaye, wodini, akina nyanya walivuta shuka hadi shingoni wakiona muuguzi mwenye ndevu. "Niitie sista," walisema. Nami nikawaambia, "Mke wangu, mumeo amekuja. Geuka kidogo." Walicheka, wakageuka. Hilo sikufundishwa chuoni, niliingia nalo. Nilipanda hadi nikasimamia wodi nzima, nasema bila haya.

Nyanya alizikwa zamani, na nyumba yake ya udongo imelala chini. Hayo nimeyazoea. Utani ndio ninaoukosa. Juzi njiani nilikutana na kijana aliyetoka Nairobi kumwona nyanya yake, ambaye ni mgonjwa kitandani.

"Mke wako ameamkaje?" nikamuuliza.

Akaondoa simu sikioni, akanitazama kwa adabu.

"Mzee, mimi bado sijaoa."